Taa ya Injini na Kuku wa Nyanya Yako

Taa ile iliwaka tulipokuwa tukipanda kutoka Njoro kurudi nyumbani Mau Narok, nyanya yako ameketi kando yangu na dawa zake mapajani. Ilikuwa taa ndogo ya manjano, yenye umbo la debe lenye mdomo uliotokeza ubavuni. Shule sikwenda, lakini kuendesha nilijifunza kwa trekta katika mashamba ya ngano kabla baba yako hajazaliwa, nami najua kwamba gari halijiwashii taa kwa mapambo.

"Hiyo ni nini?" nyanya yako akauliza.

"Ni injini."

"Imekufa?"

"Ingekuwa imekufa, ungekuwa nyuma ukisukuma."

Akacheka kidogo tu. Sote wawili tulijua maana ya taa hiyo.

Andika maana yake vizuri, mjukuu wangu, kwa sababu baba yako atasoma. Miguu ya nyanya yako huvimba, na daktari wa Nakuru humtaka kila mwezi. Kutoka langoni petu hadi barabara ya matatu ni mwendo mrefu wa tope, na yeye hauwezi. Pasipo gari lile kuukuu, hatuwezi kuishi shambani. Ndiyo maana baba yako alikuja, akaketi sebuleni, akasema kwa adabu kwamba nyumbani kwake Section 58, mjini Nakuru, kuna chumba kinachotungoja. Nilikataa. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe nikampa neno langu: siku injini ya gari hili itakapoharibika, tutafunga mizigo na kumfuata mjini. Nimewalea wanangu kwa kuwadai kila neno walilotamka. Langu nisingeweza kulikimbia.

Fundi wa hapa kwetu alichomoa waya wa betri, akangoja, akaurudisha. Taa ikazimika. "Imepona, mzee," akasema, nami nikamshukuru. Jumapili tulipotoka kanisani ikawaka tena, mhubiri akiwa ameinama dirishani kutuaga.

Nilimpigia baba yako simu nikamweleza. Kumficha kungekuwa kuvunja neno kwa mlango wa nyuma.

"Baba, injini za umri huo zikianza hivyo zimekwisha," akasema. "Leteni gari huku tuliuze, nanyi mbaki."

Asubuhi yake nilimkuta nyanya yako akivuka ua na kuku wake, amewashika miguu, vichwa vinaning'inia, akiwapeleka kwa jirani. Huyu ni mwanamke asiyemwazima mtu hata chekecheo. Aliporudi alisimama ukingoni mwa shamba la viazi, ambavyo vilikuwa vimeanza kutoa maua, akavitazama. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikajifanya natafuta jembe.

Tuliteremka Nakuru na bunda la nguo zake kwenye kiti cha nyuma. Baba yako alitungoja gereji, gari likaguliwe kabla ya kuuzwa. Fundi alikuwa kijana mwenye ovaroli iliyolowa oili. Alichomeka waya wa mashine ndogo chini ya usukani, akaitazama, akakuna kidevu.

"Mzee, injini iko poa."

"Usiniambie poa. Niambie ni nzima au ni mbovu."

"Ni nzima, mzee. Shida ni mvuke wa petroli, unatoroka mahali. Hamjasikia harufu ndani ya gari?"

Kabla sijajibu, sauti ya nyanya yako ikatoka kiti cha mbele. "Mwezi mzima! Na nikimwambia, ananiambia ni koti lake la trekta linalonuka."

Fundi aliinua boneti akapapasa mipira yote ya kupitishia petroli. Akalala chini ya gari, akagonga hapa na pale, akatoka bila kitu. Kisha akazunguka ubavuni, akafungua kidirisha cha kujazia petroli, akasimama kama aliyeona nyoka.

"Boss," akamwita baba yako, "hebu kuja uone."

Mdomoni mwa tangi mlikuwa na gunzi la mahindi lililoviringishwa nailoni. Nililiweka mimi, baada ya kifuniko kusahaulika kwenye kituo cha petroli. Kwetu gunzi huziba kila kitu: mtungi wa maji, kibuyu cha maziwa, chupa ya mafuta ya taa. Hilo nililichonga kwa kisu mpaka likakaa sawasawa.

"Mzee, hii ni kifuniko ama ni chakula ya jioni?"

"Halijamwaga hata tone."

"Petroli haimwagiki, lakini mvuke unapita. Gunzi inapumua, mzee! Gari inajua kuna mahali pako wazi, ndiyo inawasha taa. Na cheche ikiruka hapo je?"

Baba yako alikuwa ameinama, ameshika magoti, akicheka mpaka machozi. Nilimwacha amalize.

"Umesikia fundi?" nikamwambia. "Injini ni nzima."

Kicheko kikakatika. "Lakini Baba..."

"Neno letu lilikuwa injini. Hatukutaja magunzi."

Alinitazama, akamtazama mama yake, ambaye tayari alikuwa amelivuta bunda la nguo kutoka kiti cha nyuma na kulikumbatia. Akatikisa kichwa. "Haya. Lakini kifuniko nitanunua mimi, na cha chuma."

Kiliponunuliwa, fundi alikifunga kikalia tak, akaizima taa kwa mashine yake, akasema ikirudi tumrudie. Njia nzima ya kupanda nilipeleka macho pale ilipokuwa.

"Angalia barabara, mzee," nyanya yako akasema. "Taa nitaiangalia mimi."

Aliiangalia kweli, hakupepesa, mpaka langoni. Haikuwaka, wala haijawaka tangu siku hiyo. Nikamfungulia mlango nikidhani ataingia ndani kupumzisha miguu. Akashika njia ya uani kwenda kwa jirani kudai kuku wake. Walirudi wote isipokuwa jogoo, ambaye alikuwa amekwisha kuwapokea wageni wa jirani mezani.

Alimlalamikia jogoo huyo jioni nzima, tangu kuwasha jiko hadi kuosha vyombo. Kwa kawaida ningemwambia basi, yatosha. Siku hiyo nilivuta kiti karibu na moto nikamsikiliza.