Chiriku na Karakana ya Magodoro

Fundi magodoro alijua mwanawe anaumwa hata kabla ya kusikia kifua kikilia, kwa sababu Chiriku, msichana wa miaka mitatu aliyebandikwa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alikuwa kimya tangu asubuhi. Mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Fundi akambeba hadi zahanati, yeye mwenyewe hoi, hana hata nguvu ya kulalamika.

Daktari alimvika mtoto kinyago chenye chupa ya plastiki, akampulizia dawa. Taratibu pumzi zikatulia.

"Ni pumu, daktari?"

"Nahisi hivyo, ila bado mdogo mno kumpima tukawa na uhakika. Mchana anashinda wapi?"

"Kwangu, karakana. Mama yake yuko kazini, basi analala juu ya marobota ya pamba."

Daktari akatazama nyuzi nyeupe za pamba kichwani kwa baba, kisha kichwani kwa mtoto. "Hapo hapamfai kabisa, baba. Vumbi la pamba linamziba kifua."

Tangu siku hiyo Chiriku anashinda kwa shangazi yake. Kikohozi kimepungua, ingawa hakijaisha. Jioni fundi akienda kumchukua, huoga kwanza uani hapo kwa shangazi na kubadili nguo, asimletee vumbi, naye mtoto husimama mlangoni amenyoosha mikono, akilia abebwe.

"Ngoja, mama," humjibu kwa sauti iliyokwisha kwa uchovu. "Baba anakuja."