Kitone cha Kijani cha Mama Vifungo

Mume wa Mama Vifungo alipohama alibeba televisheni, feni na hata pazia la sebuleni. Aliacha vitu viwili tu: kompyuta na mama yake mzazi. Kompyuta aliiona ya kizamani. Mama sijui alimwonaje. Mimi jirani yao nilimtazama akipita na feni kwapani na sikumuaga.

Mama Vifungo ni fundi cherehani, tena fundi kwelikweli. Kompyuta aliihitaji kuchorea nembo za kudarizi kwenye sare. Lakini kila akiiwasha, programu ya ujumbe iliyokuja na mashine ilijifungua yenyewe kwa jina la mume, ikaonyesha kitone cha kijani, yaani yuko hewani, na pembeni mwa skrini yakaanza kuchomoza maneno ya yule mwanamke mpya. "Umeamka, mpenzi?" Asubuhi ya kwanza alijidunga sindano kidoleni.

Akamwita fundi kompyuta. Fundi akamweleza: unaingia kwenye mipangilio, unafungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na mashine, unaizima. Kabla hajaizima, ujumbe ukaingia: "Umeniambia uko safarini, mbona naona uko hewani? Uko nyumba gani?"

Mama Vifungo akamshika mkono. "Acha, kaka. Iache hivyohivyo."

Tangu hapo kompyuta haikupumzika. Kazi iwepo isiwepo, iliwaka kutwa. Alishona huku akisoma ugomvi wao ukiumuka kama unga wenye hamira, na kicheko chake sikukipenda, ingawa nilikielewa. Nilipomwambia yaliyopita si ndwele, alinikata kauli.

"Haya yangu ni ndwele, shoga. Na dawa ya moto ni moto."

Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake, uso mlangoni, macho yake yakiona kivuli tu. Mama Vifungo ndiye aliyempikia na kumwogesha. Kila siku bibi huyo aliuliza neno moja: "Hajasema atakuja?"

"Bado, mama."

Jumamosi moja nimekwenda kupima gauni, mume huyo akaingia. Shati lake lilikosa vifungo viwili, na katika nyumba ile ya vifungo hakuna aliyejitolea.

"Nakuomba uizime hiyo programu," alisema. "Yule haniamini tena. Anasema nalala hapa."

"Izime mwenyewe. Mimi nashona."

Akaketi, akashika kipanya. Mama yake akainuka nusu kwenye kiti.

"Ni wewe, mwanangu? Umekula?"

"Nina haraka, mama," alijibu bila kugeuza shingo.

Akafungua mipangilio, akaizima, akaiwasha mashine upya kuhakikisha. Kitone hakikutokea. Mama Vifungo alimtazama akitoka jasho na hakuficha furaha yake. Miezi yote ile alitaka amwone akiomba, na sasa amemwona. Mimi pia nilifurahi, nisiseme uongo.

Mume akaondoka bila kumpa mama yake hata mkono. Tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

"Alifuata nini?" bibi akauliza.

"Kitu kwenye kompyuta, mama. Kilikuwa kinamsumbua, amekizima."

"Ndicho kilichomleta?"

"Ndicho."

Bibi akaipapasa meza mpaka mkono wake ukaigusa kompyuta.

"Basi kiwashe tena, mwanangu."