Kopo la Mawe

Nimefundisha Kiingereza Mbale miaka mingi, hata siku hizi naamka nikiwa nimeshachoka. Kalamu yangu nyekundu ina sentensi moja inayoipenda: mtoto akifeli, namwandikia kwamba amejaribu. Uganda tunasifiana hivyo. Hata aliyejenga ghorofa tunamwambia amejaribu, naye anafurahi.

Juzi, kwa kuukimbia usahihishaji, nilifungua kamusi kubwa ya ofisini nitafute asili ya kitenzi hicho, "try". Kumbe Waingereza walikitoa kwa Wafaransa wa zamani, na mwanzo maana yake ilikuwa kuchambua, kutenga kizuri na kibaya. Baadaye kikawa kupima, kisha kuhukumu mahakamani, na kujaribu pia. Papo hapo nikamkumbuka mama. Niliudhika, maana kamusi niliifungua pia ili nisimfikirie.

Mama anaishi Masese, kando ya Jinja, na kazi yake ni kuchambua dagaa. Anawamwaga kwenye ungo, anatoa mawe na konokono, anayatia katika kopo la maziwa. Hayatupwi chini, yasije yakarudi kwa dagaa walioanikwa. Sasa macho yake yamefifia, na wateja wanalalamika kwamba wanatafuna mawe. Jumamosi nilikwenda kumwambia aache, aje akae kwangu. Nilijua atakavyolipokea neno hilo: kwake, kukaa bure nyumbani kwa mtu ni kungoja kuzikwa.

Nilishindwa kusema. Alipoingia ndani kuswali alasiri, niliuvuta ungo aliokwisha kuumaliza, nikauchambua upya, mbio mbio. Mawe yalikuwa mengi. Bila kufikiri nikayatia ndani ya kopo, kama alivyonifundisha utotoni.

Alirudi, akaketi, akaokota kopo, akalitikisa. Akalitikisa tena.

"Hii imekuwa mzito," alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Ilikuwa mingi?"

Ningeweza kumdanganya, lakini nilikuwa nimechoka mno.

"Mingi."

Vidole vyake vilipapasa dagaa. Nilijichukia kwa lile neno moja. Kisha akausukuma ungo hadi magotini pangu, akafungua leso ya kazi kiunoni, akaikunja vizuri.

"Mimi nimejaribu," alisema. "Leta begi yangu, iko chini ya kitanda."

Niliingia ndani, nikainama, nikalivuta. Lilikuwa limeshajaa nguo zake.