Majani ya Ng'ombe wa Mama Mkwe

Leo mama mkwe amenifundisha gari langu mwenyewe.

Nilikuwa nampandisha Machame kwa kile kigari changu cha zamani, injini nyuma. Njiani tukanunua mzigo wa majani ya ng'ombe wake, nikaufunga juu ya mfuniko wa injini. Mkwe mwema, si ndiyo?

Kuanzia hapo, kila nikiachia mafuta gari linazima.

Nikafungua mzigo, nikasafisha plagi. Likawaka, likatulia. Nikajisifu!
Nikafunga mzigo, tukaondoka. Likazima.
Nikafungua tena, nikachokonoa kabureta. Likatulia. Nikafunga. Likazima.

Shati la kanisani limeshakuwa la gereji, na bado natoa somo: "Mama, injini hii haina maji. Inapozwa na upepo tu."

Akaniuliza taratibu, "Na huo upepo unapita wapi, baba, kama matundu yote ya mfuniko umeyaziba kwa majani?"

Jamani.

Tumefika salama, mama mkwe kayapakata majani kama mtoto wa ubatizo. Chekeni tu, ruksa.

Jirani kauliza gari lilikuwa na shida gani.

Mama kajibu, "Gari? Gari ni zima kabisa."