Mpira Mweupe wa Kipriani

Kipriani, fundi baiskeli wa Makere, hachezi pool kama watu. Mpira uko mdomoni mwa shimo, yeye anauacha! Anachuchumaa, anafumba jicho moja, anaunong'oneza ule mweupe. Halafu anamaliza meza nzima. Mimi mwenye meza, hapa sokoni Kasulu, nikajua hiyo ni dawa.

“Unauambia nini? Au ni dawa?” nikamuuliza.

“Napanga kuanzia mpira wa mwisho, Mama Recho, nikirudi nyuma. Lazima nijue mweupe utasimama wapi kila nikipiga.”

Uongo mtupu! Jumamosi nikaubadilisha mweupe kwa siri, nikaweka wa zamani, mzito kidogo, dawa yake ikose pa kushika.

Akapiga mara moja, ukapitiliza pale alipokusudia usimame. Akauinua, akaupima kiganjani, akanitazama.

“Kumbe mchawi ni wewe.”