Ndege Isiyo na Mabomu

Kisanduku nilikikuta ndani ya gunia la vitu vya kuchezea vya mitumba, nyuma ya soko la Kakamega, chini ya dubu wa kitambaa aliyekosa jicho. Pembe moja ya kisanduku ilikuwa imeliwa na panya. Juu palichorwa ndege ya kivita yenye injini nne, ikipita katikati ya mawingu ya rangi ya chungwa, na chini yake mji ulikuwa ukiwaka. Maandishi yalikuwa ya lugha nisiyoijua. Mwenye gunia aliniona nikikigeuzageuza akasema, "Hiyo ni ya watoto, boss." Nikamwuliza ni mtoto gani anayepewa mji unaowaka achezee. Akacheka, akasema wateja wa maswali ndio humchelewesha kufunga.

Ni kweli, mimi ni mtu wa maswali. Tangu nitoke chuo kikuu na shahada ya historia sijapata kazi ya kudumu, na mtu asiye na kazi ya kudumu hupata nafasi kubwa ya kutoamini mambo. Siamini mahubiri ya redioni. Siamini ahadi za barabara. Siku nyingine siamini hata historia niliyoisomea. Lakini kile kisanduku nilikiamini. Ndani yake kila kipande cha kuunda ndege hiyo kilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mahali pake. Nilitaka kuona walau kitu kimoja kikijengeka kama kilivyoahidiwa.

Wakati huo Kukhu, bibi yangu mzaa mama, alikuwa kwetu mjini kwa matibabu ya miguu. Alikaa sebuleni kwenye kochi lililofunikwa vitambaa vya kufuma, miguu juu ya stuli, akinitazama nikitandaza vipande mezani. Mvua ya Kakamega hupenda alasiri. Ikianza, mabati hunguruma mpaka watu wanaacha kuongea, umeme hukatika, na chumba chote huwa kama ndani ya chupa ya kijani. Katika mwanga huo ile plastiki ya kijivu ilionekana laini, kama kitu kilichookotwa chini ya mto. Ilikuwa kavu kwa uzee, na ilinuka kama kabati ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahame.

"Hiyo ni nini, baba?" Kukhu aliuliza. Huniita baba, kama wazee wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume.

"Ndege, Kukhu. Ya vita vile vya zamani, vya Wazungu."

Alinyoosha mkono. "Leta niione."

Nilijua anachowaza, kwa sababu kisa chake nilikuwa nimekisikia kila Krismasi, na kila Krismasi nilikitilia shaka. Baba yake alichukuliwa kwenda vitani yeye akiwa bado tumboni. Hakurudi. Jirani mmoja aliyerudi alisema alimwona mara ya mwisho kwenye uwanja wa ndege, akipanda ngazi fupi na kuingia tumboni mwa ndege kubwa. Ndege ikaondoka, na jirani hakumwona tena. Hayo ndiyo yote. Yaliyobaki ni chumvi iliyoongezwa na kila msimuliaji, hadi kufikia wale wanaosema mzee ndiye aliyekuwa akiiendesha. Mimi nilisoma chuoni kwamba wanaume wa huku walibeba mizigo na bunduki, walipika, walichimba mitaro. Usukani wa ndege ya mabomu hawakupewa. Niliwahi kuyasema hayo mezani, na mama akaniambia nile chakula kabla hakijapoa.

Lakini kwa Kukhu jambo lenyewe halikuwa usukani. Kwetu mtu aliyepotea bila kuonekana huzikwa kwa mgomba: shina hukatwa kimo cha mtu, likaviringishwa shuka, likalazwa kwenye jeneza na kuliliwa kama maiti. Baba yake hakuzikwa hivyo, kwa kuwa mkewe alikataa, alimngoja mpaka akafa. Sasa Kukhu alitaka baba yake alazwe nyumbani kwake, kijijini Lubao, kando ya mkewe, kabla yeye mwenyewe hajabebwa. "Sitaki nifike huko nimpate mama bado anangoja," alisema.

Boma la Lubao lilikuwa mikononi mwa mjomba, mtoto wa marehemu kaka yake Kukhu, mwalimu mkuu mstaafu. Mjomba hakukataa mgomba. Alikwama mahali ambapo ni sisi tu tungekwama. Kwenye mazishi ya kwetu lazima historia ya marehemu isomwe mbele ya jeneza: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, ugonjwa ulimwanza lini, alikata roho vipi. Waombolezaji huisubiri sehemu hiyo ya mwisho wakiwa kimya kabisa, na isiposomwa huenda nyumbani na maneno yao wenyewe. "Siwezi kusimamisha watu uwanjani nishindwe kuwaambia huyu alikufaje," mjomba aliniambia kwa simu. "Bila hiyo hakuna mazishi. Wewe ndiye umesoma mambo ya kale. Andika."

Basi nikawa na kazi mbili juu ya meza moja, na ile ya plastiki ndiyo iliyosonga.

Gundi ya kisandukuni ilikuwa imekauka zamani ikawa kama kokwa, nikatumia ile ya tyubu ndogo inayouzwa na wachuuzi stendi. Nilikata vipande kwa wembe, nikavisugua kwa msasa. Karatasi ya maelekezo ilionyesha kwa mchoro kwamba kitu kizito kitiwe puani kabla ya kuifunga ndege. Nikajiuliza kwa nini, sikuona sababu, nikaifunga. Ilipopata magurudumu ikakaa kitako, mkia chini, pua ikitazama dari.

Kukhu alicheka mpaka akashika ubavu. "Inaombanga maji, kama kuku."

Nilitoboa tundu chini ya pua, tukatia mtama punje kwa punje, yeye akihesabu kwa Kiluhya, mpaka ikainama polepole na kutua kwa magurudumu yote. Nilikuwa nimeubishia mchoro na mchoro ukanishinda.

Alasiri hizo zilikuwa na usingizi wa ajabu. Mvua ikishuka, ngurumo ya mabati ilikuwa ileile, haipandi haishuki, na baada ya muda nilianza kuisikia kama injini. Nilikuwa na bawa mkononi, macho yamefumba nusu, na sebule ikaanza kuelea. Niliona mawingu yakipita chini ya kochi. Niliona kijana mwenye umri wangu amechuchumaa mahali penye giza, magoti kidevuni, baridi ikimpanda kutoka kwenye vyuma, na kupitia ufa mmoja anaona nchi iliyo ndogo sana, mashamba kama viraka, na hajui ni ya nani. Nilitaka kumwuliza anakwenda wapi. Umeme ukarudi, friji ikaguna, nikajikuta nimegandisha vidole viwili kwa gundi.

Chini ya ndege palikuwa na mlango mdogo, wa kufunguliwa au kufungwa, na kingazi chembamba kama mwiba wa samaki. Nilipokibandika, Kukhu aliweka kidole pale. Mimi ndiye niliyesema, maana siwezi kuacha.

"Ndege nyingi za aina hii zina mlango wa chini, Kukhu. Haimaanishi ni hii. Na pengine aliingia kufagia tu, akatoka upande wa pili, jirani hakumwona."

"Kufagia pia ni kuingia."

"Ndiyo, lakini..."

"Hukusema aliingia akiwa nani. Umesema aliingia. Tumeelewana."

Kulikuwa na vijitu vya plastiki vya kukaa ndani, kila kimoja na kiti chake. Alivipanga kwenye kiganja akaniuliza baba yake ni yupi. Nikamwambia hayumo. Alivitazama tena kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayetafuta sura kwenye kikundi cha wanakwaya, kisha akanirudishia. "Kweli, hayumo," alisema. "Hawa wote wamekaa. Yeye hawangempa kiti."

Kisha akaona vipande vingine, vifupi, vinene katikati. "Na hii mihogo?"

"Mabomu."

"Ya kuangushia askari?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikafikiria ule mji juu ya kisanduku. "Ya kuangushia popote, Kukhu. Miji. Watu wakiwa kwao."

Siku iliyofuata mabomu hayakuwa mezani. Nilitafuta chini ya kochi, nikainua zulia, mwishowe nikamwuliza. Alinionyesha jikoni kwa kidevu. Alikuwa ameyatupa kwenye jiko la makaa, na mama alikuwa bado akilalamika juu ya harufu. Nikaifunga milango ya tumbo, ile ya kuangushia mabomu, na kuibandika. Karatasi haikusema hivyo.

Mjomba alikuja Jumamosi, ameshika mwavuli na biskuti za senge yake, yaani Kukhu, dada ya baba yake. "Mulembe, senge," alisema, akaketi, akaiona ndege. Nilikuwa nimeipaka rangi ya kijani kibichi na kahawia, nayo ilisimama vizuri juu ya kitambaa. Aliizunguka kama anayekagua darasa.

"Hii ndiyo itakaa juu ya jeneza," alisema. "Picha yake hatuna. Watu wataiona waelewe. Na wewe utasoma: alikuwa rubani msaidizi, aliangusha mabomu juu ya adui, akafa angani kishujaa. Chifu nimeshamwambia."

"Nani alikuambia hayo, mjomba?"

"Yanajulikana."

"Na nani?"

"Unaona?" alimgeukia mama. "Huyu tulimpeleka shule akarudi hakimu."

"Tunajua alipanda ngazi," nilisema. "Basi. Siwezi kusimama mbele ya watu nisome kitu ambacho sijui."

"Basi hutasoma. Na kama hakuna wa kusoma, hakuna kuzika. Nani atapoteza, mimi au wewe?"

Si mimi wala yeye angepoteza, lakini nilimwona Kukhu akishusha miguu kutoka kwenye stuli, mmoja, halafu mwingine. Nilitambua hapo kwamba ukaidi wangu ungemgharimu yeye. Mjomba angeondoka na mwavuli wake, mwaka mwingine ungepita, na Kukhu hakuwa na miaka ya kugawa. Sentensi moja tu ya uongo, na mzee angelala kando ya mkewe. Nilifungua mdomo kusema nitasoma.

"Usimpe baba yangu mabomu," Kukhu alisema. Alikuwa akimtazama mjomba. "Mimi sijawahi kumwona. Wewe pia. Sasa siku ya kwanza anarudi nyumbani, unawaambia watu wa kijiji aliua watoto wa wengine kwa kuwaangushia moto? Huko kwao pia kuna mtu anangoja."

"Senge, ni vita. Watu watauliza alikufaje."

"Wakiuliza, nitajibu mimi. Mtoto asome kile tunajua. Na hiyo ndege ikae hapa, si yake. Hata kiti hawakumpa."

Mjomba alikunja na kukunjua kamba ya mwavuli. Alikuwa mzee wa boma, lakini senge ni senge. Ndiye aliyemwogesha akiwa mdogo. "Watu wakicheka, senge, nisilaumiwe," alisema mwishowe, na akaomba chai.

Tulimzika Agosti, shule zilipofungwa. Shina lilikatwa asubuhi nyuma ya jikoni, likiwa bado linatiririsha maji, na wanaume walilibeba bila mzaha. Sikutegemea hilo. Nilitegemea kuona watu wakijifanya, nami nijifanye pamoja nao. Lakini jeneza lilikuwa zito kwelikweli, na wanne waliolishusha walitoka jasho.

Nilisoma. Haikujaza ukurasa. Alizaliwa hapa. Alioa hapa. Alichimba kisima ambacho bado tunakitumia. Alichukuliwa akamwacha mke mjamzito. Alionekana akipanda ngazi kuingia ndani ya ndege. Kilichofuata hatukijui. Nikakunja karatasi, na kimya kile kinachosubiri ugonjwa na saa ya kufa kikaendelea kusubiri.

Mzee mmoja wa ukoo akasimama kwa fimbo. "Sasa huyu alikufia wapi?"

Mjomba alitazama viatu vyake. Kukhu alijiinua kutoka kitini, mama akimshika kiwiko.

"Hatujui," alisema. "Ndiyo maana tunamzika hapa."

Yule mzee alisimama bado, kana kwamba anapima jibu lile mkononi. Kisha akaketi. Mwanamke mmoja upande wa migomba akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakampokea, na mimi nisiyeamini nilijikuta nashika sepetu.

Baada ya siku chache tulirudi Lubao kwa kunyolewa, maana waliofiwa kwetu hunyolewa baada ya maziko. Wafiwa wa karibu hutangulia, na kwa mara ya kwanza katika maziko ya watu wa kwao Kukhu aliitwa wa kwanza kabisa, kama mtoto wa marehemu; kwa mama yao alitangulia kaka yake. Aliketi juu ya kigoda uani. Wembe ulipita polepole, nywele nyeupe zikaanguka mabegani, na kichwa kikatokea kidogo kuliko nilivyodhani, kikiwa na kovu ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona.

Alijipapasa kwa viganja viwili. Jua lilikuwa jepesi, bado hakujanyesha.

"Sasa mimi ni yatima," aliniambia.

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu aliyeitwa jina lake. Kisha akaniomba kitambaa, kwa kuwa baridi ilikuwa inamwingia kichwani.