Wino Uliokataa Kushika Siku ya Kipaimara

Nimeshawasimulia watu wengi nusu ya mkasa huu, ile nusu ya kuchekesha, na hiyo nyingine nimekuwa nikiimeza kwa sababu ndiyo yenye aibu yenyewe. Leo nausema wote.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilikuja Kilimanjaro kufanya ukarani kwenye mashamba ya miwa kule chini, mkataba ukaisha, nikapata ukarani wa usharika mmoja wa Kilutheri huku juu Marangu, na kwa miezi kumi nikawa naishi kwenye chumba kimoja nyuma ya duka, katikati ya migomba na kahawa, mahali ambapo kila mtu ni ndugu au mkwe wa mwenzake (ukimsema mtu vibaya, ujue unayeongea naye ni mpwa wake). Walinisalimia vizuri sana. Kila mara walianza kwa Kiswahili kwa ajili yangu, baada ya sentensi mbili wakarudi kwenye Kichagga chao, nami nikabaki natabasamu kama ninayeelewa. Jioni nilipika wali wa mtu mmoja, na kipimo chake nilikuwa nimeshakizoea hadi sikuhitaji kikombe.

Sasa wiki ya kipaimara, Baba Neema, mzee wa kanisa mwenye duka la kuchapa mjini Moshi, akanisimamisha nje ya ofisi. "Karani, Jumapili Neema wetu anapata kipaimara. Baada ya ibada uje nyumbani, usikose." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunialika kwake. Nikanunua shati.

Jumamosi mchana nipo ofisini nachapa ratiba za ibada, nakala mia tatu, hazijafika hata hamsini zikaanza kutoka na michirizi myeupe, kisha zikawa kama zimeandikwa kwenye ukungu. Katriji imeisha unga, ule wino mkavu wa mashine. Mchungaji alikuwa ameniambia wazi kabisa, "Mashine ikikusumbua mpigie Baba Neema, atakuchapia kwake." Nikaishika simu, nikaiweka chini. Nilijiambia, mtu amenialika nyumbani kwake, leo anahangaika na maandalizi, nimpigie ajue kwamba hata kuchapa siwezi? Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu.

Chumba cha pili kulikuwa na mashine ya idara ya wanawake, rangi ileile, umbo lilelile, jina lilelile, tofauti ni tarakimu ya mwisho ya namba yake. Nikachomoa katriji yake. Ikakataa kuingia kwenye mashine yangu kwa sababu ya kipembe kidogo cha plastiki kilichochomoza ubavuni, basi nikachukua kisu changu cha kumenyea machungwa, nikakikwangua kile kipembe mpaka kikaisha, ikaingia ikalia ka, na karatasi ya kwanza ikatoka nyeusi ya kukolea, nzuri kuliko zote. Nikajiona fundi. (Vidole vyangu vilikuwa na weusi, lakini nani anabadilisha katriji asichafuke?)

Jumapili kanisa likajaa. Vijana arobaini na wawili mbele, wasichana wamevaa magauni meupe na glavu nyeupe, kila mmoja na ratiba yangu mkononi. Mimi nimekaa benchi la nyuma na shati langu jipya. Wimbo wa pili, msichana mmoja akaitazama glavu yake, akaipangusa kwenye gauni, kisha akalitazama gauni. Wenzake nao wakaanza kujikagua. Ule unga haukuwa umeshika, ulikuwa umelala tu juu ya karatasi kama vumbi, na kila aliyeshika alichukua sehemu yake, kina mama wakatoka kwenye viti na vitambaa vilivyolowa maji kuja kusaidia, wakazidi kuueneza, halafu mchungaji, ambaye naye alikuwa na ratiba yake, akashuka kuwawekea mikono, kichwa kimoja baada ya kingine. Alipofika kwa Neema alimwachia alama za vidole vinne kwenye kitambaa cheupe cha kichwani. Mtoto akaanza kulia kimyakimya, akafuta machozi kwa glavu, uso ukawa wa mtu aliyetoka kupakua mkaa. Mpiga picha akashusha kamera.

Mchungaji akatazama viganja vyake, akauliza kwa upole, kwenye kipaza sauti, "Hizi karatasi alichapa nani?"

Nikasimama. "Ni mimi, Mchungaji."

Kanisa zima likageuka. Miezi kumi nilikuwa natamani watu hawa wanione.

"Haya. Ziwekeni chini, nyimbo hizi tunazijua."

Hakuna aliyenifokea. Wangenifokea, labda ningejua la kufanya. Nikatoka kwa mlango wa nyuma kabla ya baraka, nikajifungia chumbani. Siku ile kila nyumba ilikuwa na sherehe, muziki unakuja kutoka upande huu na ule wa migomba, harufu ya nyama choma inaingia dirishani. Simu ikaita, Baba Neema. Nikaiacha. Ikaita tena. Mara ya tatu nikaigeuza kifudifudi, maana nilijua anachotaka kuniambia, nikapika wali wangu.

Jumatatu asubuhi akaja ofisini.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba." Akaichomoa katriji kwenye mashine, akaigeuzageuza mpaka akapaona nilipokwangua. "Hiki kipembe kiliwekwa ili isiingie. Unga huu unataka joto kubwa kuliko la mashine yako. Utatoka mweusi, lakini haushiki."

"Nisamehe. Gauni la Neema nita..."

"Gauni lilitakata kwa maji ya baridi. Picha tulipiga nyumbani." Akaiweka katriji mezani. "Nilikupigia mara tatu."

"Niliona. Nilidhani unataka kunigombeza."

"Nilitaka kujua umefika wapi. Mama Neema alikuwekea mtori wa ndizi na nyama, akafunika. Neema mwenyewe alikuwa anauliza, yule karani wa wino haji? Anataka kukucheka. Jua lilipozama tukampa jirani."

Akaaga, akaenda zake.

Watu wakinikumbusha siku ile wanacheka, nami nacheka nao, kwa sababu wanafikiri aibu yangu ni ya magauni. Sijaalikwa tena pale. Hawana kinyongo, ila Neema kipaimara chake kilikuwa kimoja. Tangu hapo sihamishi kipuri cha mashine hii kwenda ile bila kumuuliza anayejua, na simu ikiita naipokea, hata nikiwa na hakika ni ya kugombezwa. Siku nyingi haiiti.